UZI: Caravan inakula tairi la kulia tu, Malindi na Manda. Breki inakanyagwa mapema au kuna jingine?

#1 MakutiYaManda
Salaam aleikum wandugu. Swali langu ni kwa marubani na mafundi wa ndege za turbopropu (propela inayozungushwa na injini ya turbini) zinazoingia Malindi na Manda (kiwanja cha Lamu). Kuna Caravan, Cessna 208, tunaihudumia huku. Tairi lake la kulia linaliwa kiraka kimoja, umbo la yai, upana wa kiganja, mpaka nyuzi zinakaribia kuonekana. La kushoto linaisha polepole na sawasawa pande zote. La kulia limebadilishwa, na hilo jipya limeanza vilevile. Upepo ni wa kaskazi sasa (unatoka kaskazini-mashariki), na mara nyingi ndege inatua Malindi kwenye njia ya 35, yaani ikielekea nyuzi 350, karibu kaskazini.

Mimi nasema rubani anakanyaga breki kabla ndege haijakalia magurudumu yake. Marubani wanajibu kwamba njia ni fupi, breki lazima iingie mapema. Nani yuko sahihi?

#2 KusiMoja
Wa aleikum salaam. Uko sahihi, na sababu iko kwenye mbawa. Mbawa hubeba kwa mraba wa mwendo. Ndege iliyogusa kwa noti 70 (maili za baharini kwa saa), ikishuka hadi 50 mbawa zimebakiwa na nusu ya ubebaji wa pale ilipogusa. Ikifika 35 imebaki robo. Kwa hiyo sekunde zile za mwanzo tairi limeshika lami kwa uzito mdogo mno, na pedali ile ile ambayo kwa noti 40 ingekupa breki nzuri, kwa 70 inafunga gurudumu. Caravan haina antiskidi (mfumo unaozuia gurudumu kufungwa) ya kukuokoa.

Mpangilio unaofaa: visigino sakafuni, nyayo ziwe sehemu ya chini ya pedali (hiyo huongoza pua, breki iko sehemu ya juu) mpaka magurudumu makuu yaguse. Pua ishushwe taratibu, isiachwe idondoke. Wenzo wa nguvu uvutwe kupita kizuizi cha nguvu ya chini, uingie beta (panga za propela zinalazwa bapa zizuie ndege), na hilo hufanywa ndege ikiwa chini tu, kamwe si angani. Ukihitaji zaidi, endelea kuvuta hadi rivasi (propela inasukuma kinyume). Pua ikishatua, usukani uvutwe nyuma ili uzito uelekee magurudumu makuu. Hapo ndipo vidole vya miguu vipande juu ya pedali: gusa kwanza, sikia pande zote mbili zimeshika sawa, kisha ongeza nguvu mfululizo bila kuachia. Ukihisi gurudumu linaburuzika, achia kabisa, kisha rudi kwa nguvu ndogo kuliko ile ya kwanza.

#3 Mita1400
@KusiMoja, mpangilio ni mzuri lakini umesahau urefu wa njia. Ndege ya noti 70 inakula mita 36 kila sekunde. Subiri sekunde nne "mbawa zitulie" na umetupa mita 144. Njia kuu ya Malindi, 17/35 (lami moja, namba mbili kwa pande zake mbili), ina takriban mita 1,400. Kwa kipimo cha kanuni za Ulaya cha usafiri wa abiria, turbopropu inatakiwa isimame ndani ya asilimia 70 ya njia, yaani mita 980. Njia ikiwa imelowa, hesabu yako ya njia kavu izidishwe kwa 1.15 na bado itoshe humo, yaani itoke isizidi mita 852 hivi. Sasa toa 144 humo uone kinachobaki.

Tena mraba wa mwendo unakata pande mbili. Nishati ya ndege kwa noti 70 ni karibu mara mbili ya ile ya noti 50. Kazi kubwa ya kusimamisha iko juu, haiko chini. Anayesubiri mwendo ushuke ndipo akanyage, amekanyaga kazi ikiwa imekwisha.

#4 KusiMoja
@Mita1400, kazi ya juu ni ya propela. Beta inazigeuza panga ziwe bapa mbele ya upepo, na ukinzani wake ni mkubwa zaidi mwendo ukiwa mkubwa. Kadiri ndege inavyopunguza, propela inaishiwa nguvu na breki inapata nguvu. Zinapokezana. Anayezikanyaga zote mbili kwa pupa kwenye noti 70 hapati breki mara mbili. Anapata tairi la MakutiYaManda.

Na hizo mita 144 mara nyingi hupotea hewani kabla ya kugusa. Ukiingia kwa noti 90 badala ya 80, nishati imeongezeka kwa robo na zaidi, na juu ya hapo ndege inaelea. Kila sekunde ya kuelea kwa noti 80 ni mita 41. Breki ya kwanza ni mwendo sahihi juu ya kizingiti cha njia.

#5 FundiChumvi
Ngojeni kidogo. Mnahukumu mguu wa rubani kabla ya kulisoma tairi. Kiraka kina lugha yake:

Kiraka cha yai chenye mikwaruzo iliyonyooka kufuata mwelekeo wa kuviringika, mpira mkavu: gurudumu lilifungwa kwenye lami kavu.

Kiraka chenye mpira laini unaonata, kama uliochemka: gurudumu lilifungwa juu ya njia iliyolowa. Joto likageuza maji kuwa mvuke na mvuke ukaupika mpira.

Mikwaruzo iliyopinda nusu duara: hilo halikutokana na kutua. Ni ndege kuzungushwa kwenye maegesho huku gurudumu la ndani limefungwa kwa breki. Kona zote lazima gurudumu la ndani liviringike, hata kama ni polepole.

MakutiYaManda, chako ni kipi? Na uniambie unene wa pedi za kushoto na za kulia.

#6 MakutiYaManda
Shukran fundi. Mikwaruzo imenyooka, mpira mkavu, haunati. Pembeni mwa kiraka kuna mng'ao kidogo. Pedi: za kushoto zimeisha zaidi kuliko za kulia. Hilo ndilo linanitatiza, tairi linaliwa kulia, pedi zinaliwa kushoto.

#7 BintiShela
Hesabu ya upepo inaeleza tairi. Chukulia kaskazi kutoka nyuzi 050, noti 15, na njia ni 35. Pembe ni nyuzi 60. Upepo wa ubavuni unatoka kulia kwa noti 13, wa mbele ni noti saba na nusu tu. Upepo unaingia chini ya bawa la kulia na kuliinua, gurudumu la kulia linakuwa jepesi. Rubani anakanyaga pedali zote sawa, la kushoto linashika, la kulia linafungwa. Hakuna muujiza hapo.

Dawa: usukani uzungushwe kulia, upande upepo unakotoka, na uendelee kuongezwa kadiri mwendo unavyopungua hadi uishie. Wengi wakishagusa tu wanaurudisha katikati, na hapo ndipo bawa linapoinuka.

#8 KaskaziKali
@BintiShela, umeanzia katikati. Kwenye upepo wa kulia ndege hugusa kwanza kwa gurudumu la kulia, maana bawa la kulia ndilo limelazwa. Kwa sekunde moja au mbili gurudumu hilo linabeba peke yake. Kama mguu umeegemea breki hata kidogo wakati huo, gurudumu halipati nafasi ya kuanza kuzunguka. Linagusa limefungwa. Kiraka kinachorudi kila mara kwa umbo lile lile kinaonyesha kosa la wakati wa kugusa, breki ya baadaye haichori hivyo.

Na ni miguu gani? Upepo wa kulia, bawa la kulia chini, pedali ya kushoto imesukumwa ili pua ielekee njia. Pedali ya kulia inarudi kwa rubani, goti linakunjika, kisigino kinanyanyuka sakafuni, vidole vinaangukia juu ya pedali. Breki ya kulia hiyo, bila yeye kujua.

#9 Mita1400
Kinyume chake. Mguu unaonyooka ndio unaosukuma kwa unyayo mzima, na ukinyooka sana vidole vinatangulia. Kwa upepo wa kulia huo ni mguu wa kushoto. Tungeona tairi la kushoto limeliwa.

#10 KaskaziKali
Inategemea kiti. Kiti kikiwa mbele mno, mguu uliokunjwa ndio unaokanyaga. Kikiwa nyuma mno, ni ule ulionyooka. Kipimo ni rahisi: kaa, sukuma pedali moja hadi mwisho, kisigino kibaki sakafuni bila kujivuta. Kisha upande wa pili. Upande wowote kisigino kikinyanyuka, sogeza kiti. Na kama kuna rubani wa pili, mwambie aketi vilevile, miguu yake nayo iko kwenye breki zile zile.

#11 MvuaYaMasika
Wandugu, nyote mnazungumzia njia kavu. Masika yakija mtaongea mengine. Maji yakituama, tairi linapanda juu ya maji na breki inakuwa haina kazi. Kanuni inajulikana: 9 mara mzizi wa mraba wa upepo wa tairi kwa psi (pauni kwa inchi ya mraba). Tairi la psi 49, mzizi ni 7, jibu ni noti 63. Juu ya 63 unaelea.

#12 Rubani_wa_Bajuni
@MvuaYaMasika, 9 ni ya gurudumu linalozunguka tayari, kama wakati wa kuruka. Wakati wa kutua gurudumu linafika halizunguki, na kipimo ni 7.7. Kwa psi 49 ni noti 54. Maana yake kwa kutua kuelea kunaanza mapema zaidi, na kukishaanza kunaweza kuendelea hata mwendo ukishuka chini ya hapo.

Jingine: upepo wa tairi ukipungua, namba hiyo nayo inashuka. Tairi la psi 36 ni noti 46. Kwa hiyo anayepunguza upepo ili ndege itue laini kwenye viwanja vya mchanga, kisha akaja kwenye lami yenye maji, amejichimbia.

#13 MvuaYaMasika
Basi 7.7 inazidi kunipa nguvu: kwenye maji subiri hadi chini ya noti 50 ndipo uziamini breki. Gusa kwa uthabiti, usibembeleze. Tairi lazima lipasue maji lifike lami lianze kuzunguka. Kutua laini ni kuzuri kwa abiria wa kwenda Shela, si kwa tairi siku ya mvua.

#14 Mita1400
Hapo kwa mara ya kwanza tunakubaliana. Tena siku hiyo beta iingie mara moja, kwa sababu propela haijali maji.

#15 PangaSita
Salaam. Upande wa Dash 8 Q400 (turbopropu kubwa ya abiria) mambo ni tofauti, nisingependa vijana wasome uzi huu wakachanganya. Sisi tuna antiskidi. Inasoma mzunguko wa kila gurudumu na kuachia breki ya lile linaloanza kufungwa. Na magurudumu yasipozunguka kwanza baada ya kugusa, haikupi breki hata ukikanyaga. Kwa hiyo kosa analolieleza KaskaziKali limezibwa.

Lakini antiskidi inataka mguu mmoja thabiti. Anayepiga-piga pedali, kanyaga achia kanyaga achia, anauvuruga mfumo na kurefusha njia. Na kama umebaki na breki ya dharura inayotegemea akiba ya haidroliki, kila kuachia na kukanyaga tena kunakula akiba hiyo.

Breki zetu ni za kaboni. Kaboni huisha kwa idadi ya mikanyago zaidi kuliko kwa ukali wake. Wakati wa kuteksi (kutembea ardhini) usiburuze breki njia nzima. Acha ndege ishike mwendo, kanyaga mara moja hadi ipungue vizuri, achia. Breki za chuma ni kinyume, huisha kwa joto na nishati, na mikanyago laini haiziumizi sana.

#16 KusiMoja
@PangaSita shukran. Hilo la kupiga-piga lipo hata kwetu. Kuna waliofundishwa kwenye gari la zamani na wamelileta angani. Kila ukiachia, ndege inakwenda bure. Kuachia ni kwa gurudumu lililofungwa tu.

#17 FundiChumvi
Narudi kwenye pedi za #6, kwa sababu jibu langu limo humo na hakuna aliyelishika.

Tairi linaloliwa linaweza kuwa ndilo lenye breki nzima. Tuseme breki ya kushoto ni dhaifu: hewa kwenye bomba, au pedi zimelowa oili, au zimeisha. Rubani anakanyaga, ndege haipungui anavyotaka, anaongeza. Kushoto hakushiki, kulia kunafungwa. Kwa kawaida angejua mara moja, maana ndege ingemvuta kulia. Lakini kwenye njia ya 35 na kaskazi, upepo nao unaigeuza pua kulia kwa kusukuma mkia. Rubani anahisi mvuto wa kulia, anasema ni upepo, anaongeza breki ya kushoto kusahihisha. Pedi za kushoto zinaisha haraka, tairi la kulia linakwanguliwa. Dalili zote mbili za MakutiYaManda zimo.

Namna ya kukagua. Ndege kwenye jeki, gurudumu moja baada ya jingine. Zungusha kwa mkono, mwenzako akanyage pedali, kisha aachie. Gurudumu lazima liwe huru mara moja. Likichelewa, kaliperi imekwama kwenye pini zake, na kwa hewa ya chumvi ya huku pini hukauka na kuota kutu haraka. Vua, safisha, kagua kama zimelika. Zikiwa safi na bado linachelewa, shuku bomba la mpira: likizeeka huvimba ndani, oili inapita kwenda lakini hairudi.

Pedali ikizama au ikiwa kama sponji, kuna hewa. Toa hewa kwa kusukuma oili kutoka chini kwenye kaliperi kupanda juu hadi kwenye tangi, maana hewa yenyewe hupenda kupanda. Tumia oili ile inayotajwa na kitabu cha ndege. Oili ya breki ya gari huharibu mipira ya mfumo wa ndege inayotumia oili nyekundu ya madini.

Pima pedi. Kwa nyingi za Cleveland (kampuni ya breki za ndege) mwisho ni inchi 0.100, karibu milimita mbili na nusu. Na ukiweka mpya za metali, zikaangwe kwanza: simamisha ndege kabisa mara mbili mfululizo kutoka noti 30 hadi 35, bila kuziacha zipoe sana katikati, kisha ziache zipoe. Pedi zisizokaangwa hazishiki inavyopaswa, na ukikaanga upande mmoja uliobadilishwa pekee, umetengeneza tofauti ile ile tunayoitafuta.

#18 BintiShela
Fundi, hoja nzito. Lakini basi kiraka kingetokea hata njia ya 17 wakati wa kusi (upepo wa kusini), wala kisingengoja kaskazi.

#19 FundiChumvi
Wakati wa kusi upepo unatoka kushoto kidogo ya pua, mvuto wa upepo na mvuto wa breki vinapingana, ndege inakwenda sawa na rubani hana sababu ya kuongeza. Tena upepo mwingi ni wa mbele, mwendo wa ardhini ni mdogo, breki inatumika kidogo. Ubovu unaweza kukaa miezi bila kuonekana.

#20 KaskaziKali
Au hakukuwa na ubovu, kulikuwa na upepo wa mbele tu. Maelezo yako yanahitaji breki mbovu, yangu yanahitaji kiti kimoja kilichosogezwa vibaya.

#21 Rubani_wa_Bajuni
Njia ya 08 Malindi inaelekea kaskazi vizuri zaidi, ingawa ni fupi. Kwa Caravan nyepesi ni jambo la kuhesabu. Kiraka kikikoma kwenye 08, upepo wa ubavuni una hatia, iwe ni kwa njia ya BintiShela au ya KaskaziKali.

#22 Mita1400
Tukiwa hapa, mnasemaje kuhusu kupandisha flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoongeza ubebaji) wakati ndege bado inakimbia? Inaondoa ubebaji, uzito unashuka magurudumuni, mjadala wa #2 unaisha.

#23 KusiMoja
Kwa Caravan, ambayo magurudumu yake hayakunjwi, kwa njia fupi ni sawa. Kwa ndege ya magurudumu ya kukunja ni tabia mbaya. Mkono ukienda kwenye wenzo usio wake, ndege inalala kwa tumbo. Na hata kwa Caravan, asishughulike na flapu kabla pua haijatulia katikati ya njia. Rivasi inavuruga hewa inayofika mkiani, usukani wa mkia unalegea, miguu ina kazi tayari.

#24 PangaSita
Nyongeza kwa wanaopakia abiria haraka na kuondoka tena: breki iliyofanya kazi kubwa haifikii joto lake la juu pale pale. Joto linaendelea kupanda dakika 10 hadi 15 baada ya kusimama. Usiweke breki ya kuegesha, weka kabari. Na anayekwenda kukagua gurudumu la moto alikaribie kutoka mbele au nyuma, asisimame ubavuni, maana likipasuka vipande huruka ubavuni.

#25 MvuaYaMasika
Na rivasi iondolewe mapema mkikaribia mwendo wa kuteksi. Propela inavuta kokoto na mchanga mbele yake na kujitafuna ncha. Huko ndiko breki zinapostahili kufanya kazi peke yake.

#26 MakutiYaManda
Ahsanteni sana wandugu. Nimezungusha magurudumu kwa jeki kama alivyosema FundiChumvi. La kulia liko huru. La kushoto liko huru pia, lakini pedali ya kushoto inazama zaidi kidogo kuliko ya kulia. Kidogo tu. Kiti cha rubani nacho nimekikuta mbele kabisa.

#27 FundiChumvi
Pedali inazama, umepata. Toa hewa kushoto, badilisha pedi pande zote mbili kwa pamoja, kaanga zote, weka tairi jipya.

#28 KaskaziKali
Kiti mbele kabisa, umepata. Ila usifanye vyote siku moja, hutajua kilichoponya. Sogeza kiti kwanza, piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye rimu usawa mmoja ujue halijateleza kwenye rimu, kisha litazame kila baada ya kutua.

#29 FundiChumvi
Breki inayozama haisubiri majaribio, shehe. Hewa inatolewa leo.

#30 KaskaziKali
Toa hewa, sawa. Pedi za zamani zibaki mpaka tuone tairi baada ya kiti kusogezwa, kama bado hazijafika 0.100. MakutiYaManda, zimebaki ngapi?